Barua ya wazi: Namba niliyoisoma kwenye mashine nimeikuta kwenye lebo ya chupa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mwenyekiti na Msajili wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala,
na Wakuu wa vyuo vyetu vinavyofundisha famasia, kemia na baiolojia.

YAH: VIPIMO VYA MAJANI YA DAWA NA NENO "IMETHIBITISHWA"

Waheshimiwa, salaam, na poleni na majukumu.

Mimi ni fundi sanifu wa maabara hapa Dar es Salaam. Kwa miaka kumi na miwili nimewasaidia wanafunzi wa shahada ya pili kukausha majani kivulini, kuyasaga, kuyaloweka kwenye methanoli, kuchuja na kukausha tena, halafu kupima kinachobaki. Kinachobaki ni kitu cha kijani cheusi, kinanata kama lami na kunukia kama nyasi zilizolala kwenye gunia. Sisi tunakiita ekstrakti. Imepita mikononi mwangu ya mwarobaini, mlonge, mpera, mstafeli na mimea mingine ambayo jina lake nalijua kwa lugha ya mganga aliyeileta tu.

Siandiki kulalamikia mshahara. Naandika kwa sababu ya chupa.

Miezi michache iliyopita dada mmoja wa mtaani kwetu alinigongea jioni akiwa na chupa ya plastiki ya nusu lita. Mama yake ana saratani ya mlango wa kizazi na alikuwa ameshaanza mionzi. Ndani ya chupa mlikuwa na maji ya kahawia. Lebo ilisema ni majani ya mstafeli, "yamethibitishwa na maabara ya chuo kikuu kuua seli za saratani na kuondoa sumu mwilini." Chini yake paliandikwa asilimia, na nukta yake. Nikaijua ile namba. Niliisoma mwenyewe kwenye mashine, nikamwandikia mwanafunzi kwenye daftari, akaiweka kwenye tasnifu yake, akahitimu. Hakukosea chochote yule kijana. Aliyekosea ni yule aliyeinakili, na sisi sote tuliomwachia nafasi.

Ile asilimia haikuhusu saratani hata kidogo. Nitaeleza, maana naona hapa ndipo shida yote ilipolala.

Kipimo kinachopendwa kuliko vyote kwenye maabara za majani kinaitwa DPPH. Ni unga ambao ukiyeyushwa unatoa rangi ya zambarau iliyokolea. Hiyo zambarau ni chembe zenye elektroni moja isiyo na mwenzake, na kwa hiyo zina njaa ya kunyakua. Ukitia ekstrakti yenye vitu vinavyogawa elektroni, zambarau inafifia na kugeuka njano. Unangoja nusu saa gizani, unaweka kwenye spektrofotomita, mashine inayopima ukolevu wa rangi, unasoma kwenye nanomita 517, unalinganisha na vitamini C. Ni kipimo kizuri, cha bei nafuu, na ukianza asubuhi mchana umemaliza. Hakuna seli mle, hakuna damu, hakuna kiumbe hai. Chai ya rangi uliyokunywa asubuhi inafanya vizuri sana kwenye DPPH. Zambarau ya mwanafunzi wangu ilipofifia, tulichojua ni kwamba majani ya mstafeli yana vitu vinavyogawa elektroni ndani ya neli ya kioo.

Kwa Kiingereza vitu hivyo vina jina refu, antioxidants. Kwetu mtaani vimepewa jina la "viondoa sumu," na jina hilo ndilo lililotuponza. Mtu akisikia "sumu" anafikiria kitu kibaya kilichoingia mwilini ambacho inabidi kitolewe, na saratani kwake ni sumu kubwa kuliko zote. Basi kinachoondoa sumu kitaondoa saratani. Mantiki imenyooka, ila imesimama juu ya tafsiri mbovu.

Na hili limeshapimwa kwa watu, si kwa neli. Huko Finland waliwachukua wanaume wavutaji sigara 29,133, wengine wakapewa beta-karotini kila siku kwa miaka mitano hadi minane. Beta-karotini ndiyo rangi ya karoti, na ni kiondoa sumu maarufu. Matokeo yalitoka mwaka 1994: waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wale wasiopewa. Zaidi, waheshimiwa. Miaka miwili baadaye Wamarekani walisimamisha jaribio lao kama hilo kabla ya muda wake kwa sababu walikuwa wanaona mambo yaleyale.

Sasa mrudie mama wa yule dada. Yuko kwenye mionzi. Sehemu kubwa ya kazi ya mionzi ni kuzalisha ndani ya seli ya saratani zilezile chembe zenye njaa ya elektroni, ziikatekate DNA yake. Ndiyo maana madaktari wengi wa saratani huwaomba wagonjwa waache vidonge na dawa kali za kuondoa sumu wakati wa matibabu. Serikali inagharamia mashine izalishe chembe hizo, na barabarani tunamuuzia mgonjwa chupa ya kuzizima. Nilimuuliza yule dada kama kuna mtu hospitalini aliyewauliza wanakunywa nini nyumbani. Akasema waliulizwa kama mama anakunywa pombe.

Kipimo cha pili ndicho kinachotajwa kwenye lebo kwa maneno "kuua seli za saratani." Hiki kina heshima zaidi, kwa sababu seli zimo. Unazikuza seli za saratani kwenye sahani yenye vishimo 96, unazilisha seramu ya ndama, unazitia ekstrakti kwa viwango tofauti, unangoja siku mbili au tatu, kisha unaweka kemikali ya njano iitwayo MTT. Seli iliyo hai inaigeuza kuwa zambarau. Iliyokufa haina la kufanya. (Wanafunzi huchanganyikiwa hapa kila mwaka: kwenye DPPH zambarau ikipotea tunafurahi, na kwenye MTT zambarau ikipotea tunafurahi pia, lakini kwa sababu isiyohusiana kabisa na ile ya kwanza.) Seli maarufu kuliko zote ni HeLa, zilizotolewa mwaka 1951 kwenye saratani ya mlango wa kizazi ya Henrietta Lacks, mama Mmarekani mweusi, kule Baltimore, bila yeye kuombwa ridhaa. Mpaka leo zinaendelea kugawanyika.

Niseme ukweli ambao tasnifu nyingi hazisemi: kuua seli kwenye sahani si kazi ngumu. Chumvi inaua. Jiki inaua. Ukikoroga ekstrakti nzito ya kutosha, karibu kila jani litaua. Maswali yenye maana huja baada ya hapo. Imeua kwa kiasi gani? Kwa ekstrakti isiyochambuliwa, kizingiti ambacho Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilikizoesha dunia ni mikrogramu kama 20 au 30 kwa mililita, iue nusu ya seli. Nimeona kazi zetu zikisifia "nguvu dhidi ya saratani" kwenye mikrogramu 400. Mtu mzima ana damu kama lita tano. Kufikisha 400 kwa kila mililita ya damu hiyo kunahitaji gramu mbili kamili za ekstrakti zielee ndani ya mishipa kwa wakati mmoja, tumbo lisiguse kitu na ini lisivunje kitu. Ini gani hilo?

Swali lingine: je, seli za kawaida zimesalimika? Bila kuweka pembeni seli zisizo na saratani, hatujui kama tumepata dawa au tumepata sumu tu. Na kuna mtego ambao nimeushuhudia zaidi ya mara moja. Ekstrakti yenye nguvu ya kugawa elektroni inaweza kuigeuza MTT kuwa zambarau yenyewe, hata kwenye kishimo kisicho na seli hata moja. Kishimo hicho kitupu inabidi kiwepo kwenye kila sahani. Mara nyingi hakipo, kwa sababu sahani ni ghali na mwanafunzi amebakiwa na wiki mbili.

Jambo la mwisho kuhusu kipimo hiki ni dogo kwa kulitaja ila ni kubwa kwa maana yake. Sisi tunaloweka kwenye methanoli, halafu tunayeyusha ekstrakti kwa DMSO, kimiminika cha maabara kinachoyeyusha visivyoyeyuka kwenye maji. Mama wa yule dada anachemsha kwa maji. Vitu vya mstafeli vinavyoua seli, vile viitwavyo asetojenini, haviyeyuki vizuri kwenye maji. Tunachopima sisi na anachokunywa yeye ni vitu viwili tofauti vyenye jina moja.

Mnaujua ujumbe unaozunguka kwenye simu, kwamba stafeli ina nguvu mara 10,000 kuliko kemo. Niliufuatilia mpaka mwanzo wake. Namba hiyo ipo kweli. Ilitoka mwaka 1996 kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, na walikuwa wanalinganisha na adriamycin, ile dripu nyekundu ambayo wagonjwa wetu wanaijua. Ila walitumia kemikali moja iliyosafishwa, kwenye aina moja ya seli za utumbo mpana, kwenye sahani. Na kemikali hiyo waliitoa kwenye mbegu. Majani hayakuhusika. Hakuna mgonjwa aliyepewa.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1999, madaktari wa kisiwa cha Guadeloupe waliandika kuhusu wagonjwa wengi kupita kawaida wenye ugonjwa unaofanana na Parkinson, lakini usioitika dawa zake. Wengi wao walikuwa na mazoea ya kula stafeli na jamii zake na kunywa chai ya majani yake. Kemikali inayoshukiwa inaitwa annonacin. Inaziba njia ya kutengeneza nishati ndani ya seli, na hiyohiyo ndiyo sababu inaua seli za saratani kwenye sahani. Sisemi tuache kula stafeli. Mimi mwenyewe nina mti uani na watoto wanagombea matunda. Nasema mgonjwa anayekunywa majani yale vikombe vitatu kwa siku, miezi mfululizo, anastahili kulijua hilo kabla hajalipa.

Kuna watakaosema huyu fundi anadharau dawa za mababu. Hapana. Mimi naamini dawa imo kwenye majani, na ushahidi uko kwenye kabati la kila wodi ya saratani ya watoto.

Mwaka 1952 daktari mmoja aliyekuwa Jamaica alituma Kanada bahasha yenye majani ya vinka, lile ua la waridi au jeupe lenye petali tano tunalolipanda uani bila kulifikiria. Huko Jamaica watu waliyachemsha kwa ajili ya kisukari. Robert Noble wa Chuo Kikuu cha Western Ontario aliyapima, na kwenye sukari hayakufanya kitu. Angekuwa kwenye maabara zetu, kazi ingeishia hapo: ripoti, jalada, kabatini. Yeye aliona kwamba panya waliodungwa ekstrakti walikuwa wanapoteza chembe nyeupe za damu, akajiuliza itakuwaje kwa mtu ambaye chembe zake nyeupe zimezidi. Akaja Charles Beer, mkemia, akaitenga kemikali yenyewe. Ikawa vinblastine. Kampuni ya Eli Lilly, iliyokuwa inafukuza jani hilohilo, ikapata na ndugu yake, vincristine. Kabla ya katikati ya miaka ya 1960 zote mbili zilikuwa hospitalini. Leo mtoto wa Uganda au wa kanda yetu ya Ziwa mwenye uvimbe wa taya aliouelezea Denis Burkitt mwaka 1958 anatundikiwa vincristine, na mtoto mwenye saratani ya damu vilevile. Kwa uzani mdogo kabisa. Ukizidisha inaharibu neva, na hakuna anayekuambia uchemshe vinka nyumbani.

Kilichoitofautisha bahasha ile na magunia yetu ni kwamba kila hatua ilikuwa na mtu aliyelipwa kuifanya inayofuata.

Mfano wa pili uko karibu zaidi, na unauma zaidi. Shimba Hills, Kwale, kuna mti wa jamii ya Maytenus ambao Wadigo waliutumia tangu zamani kwa uvimbe. Miaka ya 1970 taasisi ileile ya saratani ya Marekani ilivuna pale zaidi ya tani 27 za mti huo kwa ajili ya kutafuta maytansine, kemikali ambayo Morris Kupchan na wenzake walikuwa wameitangaza mwaka 1972 kutoka kwenye mti wa jamii hiyo wa Ethiopia. Kwa wagonjwa ilikuwa kali mno, ikaachwa. Lakini hawakuitupa. Baadaye ndugu yake wa maabara alifungwa kwenye kingamwili inayoitafuta seli ya saratani ya titi, na mwaka 2013 dawa hiyo ikaidhinishwa Marekani. Sumu ileile, imepewa anwani. Wakati magunia yanaondoka Kwale hapakuwa na makubaliano yoyote ya kimataifa ya kugawana faida. Itifaki ya Nagoya ilikuja mwaka 2010. Sasa ipo, na bado mganga akituletea jani maabara kwetu jina lake linaishia kwenye ukurasa wa shukrani. Akibahatika.

Basi naomba yafuatayo, na najua mfuko wa serikali ulivyo.

La kwanza halihitaji hata fedha. Kila tasnifu inayopima jani kwa ajili ya ugonjwa iwe na ukurasa mmoja wa Kiswahili cha kawaida, uwekwe mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuusoma kwa simu: mmea gani, sehemu gani, umelowekwa kwenye nini, umepimwa kwa seli, panya au mtu, na sentensi moja ya lazima inayosema nini hakijajulikana. Sasa hivi anayezisoma tasnifu hizi kwa bidii kuliko wote ni mwenye chupa, na anasoma muhtasari wa Kiingereza tu, kisha anatafsiri apendavyo.

La pili ni lenu Baraza, mliopewa mamlaka na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002. Neno "imethibitishwa" liwe na masharti. Anayeliweka kwenye lebo aonyeshe kipimo kwa binadamu, au aandike "imejaribiwa kwenye maabara tu" kwa herufi zilezile kubwa. Dawa ya saratani isiwe kwenye kapu moja na dawa ya mafua. Mwaka 2011 tuliona foleni ya magari kuelekea Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha dawa ya Babu cha shilingi 500, na watu waliotoka wodini kwenda kukinywa. Hatukuwa na ukurasa mmoja wa Kiswahili wa kuwapa siku ile kuhusu kile walichokuwa wanakunywa. Leo foleni hiyo iko kwenye simu, haionekani kutoka barabarani.

Kwa wakuu wa vyuo: punguzeni DPPH. Kweli kabisa. Tuna Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili iliyoanza kama kitengo mwaka 1974, tuna NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, tuna Mkemia Mkuu, tuna hifadhi ya mimea mikavu Arusha na nyingine Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lakini kila chuo kinataka kabati lake la kukuzia seli, friza yake ya nyuzi 80 chini ya sifuri na jenereta lake, na umeme ukikatika usiku seli za kila mmoja zinakufa peke yake. Tuwe na maabara moja ya kukuza seli inayohudumia wote, yenye naitrojeni ya kimiminika ya uhakika, seli za kawaida za kulinganishia na fundi wa zamu. Mimi nitakuwa wa kwanza kuomba zamu ya usiku. Jani linaloshindwa pale lisiendelee kula bajeti, na linalofaulu lisiachwe: lichambuliwe, lipimwe usalama kwa panya, na mwanafunzi anayefuata aanzie alipoishia mwenzake badala ya kuanza na jani jipya ili aonekane ana jambo jipya. Na kila jani liwe na sampuli iliyokaushwa, yenye namba, hifadhini. Mtopetope wa sehemu moja si mtopetope wa sehemu nyingine. Nimeshaletewa mimea mitatu tofauti kwa jina hilo.

Kwa Mheshimiwa Waziri nina ombi dogo. Fomu ya mgonjwa wa saratani, Ocean Road, Bugando, KCMC na kwingineko, iwe na swali: "Unatumia dawa gani ya majani, na mara ngapi kwa siku?" Liulizwe bila kukunja uso. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalitaja wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 40,000 Tanzania kwa mwaka. Wangeulizwa hilo tu, na majibu yakatunzwa pamoja na vipimo vyao vya ini na figo, ndani ya miaka michache tungejua kuhusu majani yetu mambo ambayo sahani zangu haziwezi kuniambia kamwe.

Yule dada hakumwaga chupa. Aliiacha kwangu, akaenda kumuuliza daktari. Iko kwenye friza yetu, rafu ya chini, nimeibandika tarehe, pamoja na mfuko wa majani makavu kutoka kwenye mti wa uani kwangu wa kulinganishia. Bado sina seli za kawaida. Zikipatikana, nitapima maji yake kama alivyoyachemsha muuzaji, si kwa methanoli, na matokeo nitawaandikia kwa Kiswahili, ukurasa mmoja.

Wenu katika kazi,

Fundi sanifu wa maabara,
Dar es Salaam